Amesafisha nyuso za wafu wa Cheolam, wa mkewe unamshinda

Saa tatu asubuhi, nje theluji inaakisi mwanga mpaka wapita njia wanakunja nyuso, lakini ndani ya studio ya Gil Pan-seok ni giza totoro. Anavuta pazia jeusi, anapapasa ukuta mpaka kidole kinapata swichi, na taa nyekundu inawaka. Kwa macho yake, taa hiyo haisaidii sana.

"Wewe simama hapo karibu na ndoo," anamwambia mwandishi. "Usiguse kitu. Ukitaka kukohoa, kohoa kuelekea mlangoni."

Mzee Gil ana miaka 72. Anaweka negativu kwenye mashine ya kukuzia, anawasha, na uso wa mwanamke unatua mezani ukiwa kinyume: nywele nyeupe, meno meusi, na theluji nyeusi kama makaa. Anazima. Anachomoa karatasi ya picha ndani ya boksi kwa ncha za vidole, anailaza chini ya mashine, anawasha tena. Hapo mkono wake wa kushoto unaingia kati ya taa na karatasi.

Mkono haukai mahali pamoja. Kiganja kinaziba upande mmoja wa uso usipate mwanga, kinatoka, kinarudi, huku mdomo wake unahesabu polepole. Kwenye karatasi hiyo panapopigwa na mwanga mwingi huwa peusi, na panapozuiwa hubaki peupe. Kazi yake kwa miaka 47 imekuwa hiyo, kuamua mahali pa kunyimwa mwanga na kwa sekunde ngapi.

Karatasi inaingia kwenye dawa. Uso unajitokeza taratibu, kwanza nywele, kisha kola ya sweta, kisha macho. Mzee Gil anainama mpaka pua inakaribia kugusa dawa.

"Jicho la kushoto," anauliza. "Linaonekana?"

Mwandishi anatazama. "Linaonekana."

"Linaonekana, au unanionea huruma?"

"Linaonekana vizuri, mzee."

Anashusha pumzi. Hii ni picha ya arobaini na mbili tangu majani yaanze kupukutika. Mwanamke aliye kwenye karatasi ni mkewe, Yeom Mal-sun, ambaye bado yu hai, na inayosafishwa ni picha yake ya msiba, ile itakayowekwa mezani waombolezaji waisujudie.

Hapa Cheolam, eneo la zamani la migodi ya makaa ya mawe nchini Korea Kusini, hakuna anayeshtuka kusikia hivyo. Mwenye busara huiandaa picha yake mapema. Huvaa koti lake zuri, akaenda studio, na akirudi hupitia sokoni kununua tofu. Anayezembea ndiye huwatesa wanawe. Siku akifariki wanaanza kupekua droo wakitafuta sura yake, huku meza ya msiba iko wazi na wageni wamekwisha vua viatu. Watasujudia nini?

Mal-sun alizembea. Kwa miaka karibu arobaini alishinda ndani ya studio akiwanyoosha wateja kola na kuwapangusa jasho puani, lakini akiambiwa akae yeye kwenye kiti alijibu kesho. "Alikuwa anasema ameona nyuso nyingi mno zenye utepe mweusi wa msiba," anasema Mzee Gil. "Ya kwake hakutaka kuiona."

Miaka sita iliyopita alianza kusahau. Alianza na birika jikoni, likafuata jina la mtaa, na mwisho likawa jina la mwanawe wa pekee. Huu ni mwaka wake wa pili katika hospitali ya kulelea wazee mjini Taebaek. Mwezi uliopita mapafu yakajaa maji. Daktari aliwaita pembeni, akawaambia wajiandae, na hakusema zaidi.

Kila kitu kimeandaliwa, isipokuwa picha.

Negativu inayofaa ni moja tu, ya majira ya baridi ya mwaka 1998. Mzee Gil alikuwa amenunua kamera iliyokwisha tumika, akatoka barazani kuijaribu, na Mal-sun akatokea na ufagio kuondoa theluji mlangoni. Akabonyeza mara moja kabla mwenyewe hajageuza uso. Upande wa kulia theluji imemmulika mpaka shavu limepauka. Upande wa kushoto umemezwa na kivuli cha paa.

Negativu ya namna hiyo ingemtoa jasho hata kijana mwenye macho mazima. Ukisafisha kwa kulifuata shavu, jicho linazama. Ukilifuata jicho, shavu linakuwa karatasi tupu. Na Mzee Gil ana presha ya macho. Mwaka jana aliambiwa kwamba uwezo uliokwisha potea haurudi, na matone anayotia ni ya kuchelewesha tu. Kwake sasa nyeusi na kijivu kilichokolea ni kitu kimoja.

"Naona kwamba ni mtu," anasema. "Sura siioni."

Alijaribu kumpiga picha mpya wodini. Ameitia kwenye bahasha na hataki kuitoa. Anasema huyo ni mgonjwa, na mkewe hakuwa mgonjwa, alikuwa mkali.

Picha ikiwa bado inaoshwa kwenye beseni, simu inaita. Ni Gi-yeol, mtoto wao, mwenye miaka 41, mchomeleaji wa vyuma kwenye karakana ya meli huko Geoje. Mzee Gil anaiweka simu kwenye spika kwa sababu mikono yake imelowa.

"Baba, umeona niliyokutumia?"

"Nimeona."

"Ni ile ile ya theluji. Nimeipitisha kwenye simu dakika mbili tu, mpaka rangi imejiweka yenyewe."

"Yule si mama yako. Yule ni mtangazaji wa hali ya hewa."

"Baba."

"Mama yako ana kovu kwenye nyusi. Limekwenda wapi?"

"Simu imedhani ni uchafu."

"Unaona sasa? Hiyo simu yako haijawahi kulala njaa."

Gi-yeol anacheka kidogo, shingo upande. "Hata hiyo unayohangaika nayo, mama ana miaka thelathini na tisa. Mimi nimempita. Watakaokuja watadhani nimefiwa na mdogo wangu." Kisha kicheko kinakatika. "Wamenipigia tena kutoka hospitali. Wanauliza kama vitu viko tayari. Niwaambieje?"

"Waambie picha bado."

"Baba, wao hawangojei picha."

Mzee Gil anageuza karatasi ndani ya maji. Mwanawe anakata simu.

Ukaidi huu una chanzo, na chanzo hicho Cheolam nzima inakijua. Mwaka 1981 mgodi mmoja mdogo nyuma ya mlima ulibomoka ukafukia wanaume watano. Wachimbaji wa siku hizo hawakupenda kupigwa picha, waliona ni kujiitia balaa. Zilizopatikana ni picha za vitambulisho vya kazi, ndogo kama ukucha wa dole gumba. Gil, kijana wa miaka 28, akapewa nusu siku kuzikuza zote tano.

"Nilizitazama zikiwa kwenye maji nikasema safi kabisa," anasema. "Nikazipachika kwenye fremu zikiwa bado na unyevu, nikakimbia nazo."

Picha mbichi inadanganya. Ikiwa majini inang'aa, ikikauka inakolea, na penye weusi panazidi kuwa peusi. Kila msafisha picha analijua hilo, na Gil alilijua, ila haraka ilimponza. Picha zikakaukia juu ya meza za msiba mbele ya waombolezaji, na nyuso tano zikawa nyeusi, kana kwamba wanaume wale ndio kwanza wametoka shimoni.

Tak Bun-i, jirani yake mwenye miaka 76, alikuwa mmoja wa wajane wale. Leo ameingia studio bila kubisha hodi, akiwa na sufuria ya supu ya soya.

"Mama mkwe wangu aliinuka pale alipokaa," anasimulia, huku akimtia Mzee Gil kijiko mkononi. "Akaenda mpaka kwenye picha ya mwanawe, akaanza kufuta kioo kwa upindo wa sketi. Anatema mate, anafuta. Anatema mate, anafuta. Kisha akageuka akatuuliza, 'Mmemweka hapa bila kumnawisha uso?'"

Mzee Gil ameshika kijiko, lakini hali.

"Kula," Tak Bun-i anamwambia. "Miaka arobaini na nne unaomba msamaha na tumbo tupu, nani amekutuma?"

"Sikuomba hadithi, dada."

"Mgeni ndiye kaomba." Anamgeukia mwandishi. "Wiki iliyofuata akatuletea nyingine, nyeupee. Namwangalia mume wangu, naona karani wa benki. Nikamwambia hiyo ipeleke kwenu. Nyumbani kwangu iko ile nyeusi. Mimi yule mtu nilimjua akiwa na makaa."

Anaifunika sufuria, anamfunga Mzee Gil kifungo cha koti kilichokuwa kimefunguka, na kuondoka akinung'unika kuhusu wanaume wasiojua kula.

Miongoni mwa wale watano alikuwamo kaka yake Mal-sun. Mal-sun mwenyewe wakati huo alikuwa na miaka 22 na kazi yake ilikuwa kuchambua makaa mgodini, kusimama na wanawake wengine kando ya mkanda unaokimbia na kuokota mawe kati ya makaa. Mawe ni meusi na makaa ni meusi, na mkanda hausubiri mtu. Waliodumu kwenye kazi hiyo ni wale waliouona weusi mmoja ukiwa tofauti na mwingine.

Siku ya tatu baada ya mazishi aliingia studio. Hakulia wala kutukana. Aliiweka picha ya kaka yake juu ya meza, akasema, "Uliiangalia ikiwa mbichi." Kisha akaanza kuonyesha kwa kidole: hapa ni nywele, hapa ni kivuli cha pua, hapa ni kola, na wewe vyote umevifanya kitu kimoja.

"Niliona aibu mpaka nikataka kufunga duka," Mzee Gil anakumbuka. "Nikamwomba arudi kesho yake aniangalizie ile nitakayorudia. Akarudi. Na kesho yake akarudi."

Walioana majira ya kuchipua yaliyofuata. Tangu hapo yeye alisafisha na mkewe akahukumu. Kila picha ilipokauka Mal-sun aliichukua dirishani, akaiinamisha huku na huku, akatoa amri: punguza mbili, shavu bado, hii rudia. Hapakutoka picha mlangoni kabla hajaikubali. Picha ya msiba ya baba yake mwandishi wa makala haya nayo ilipita mikononi mwake, na ilirudiwa mara tatu.

Siku hizo watu walipanga foleni mpaka kwenye daraja. Sasa migodi imefungwa, nyumba nyingi zina kufuli lenye kutu, na mwezi uliopita Mzee Gil aliingiza won 160,000 kwa picha za pasipoti na za vitambulisho. Nusu yake imeishia kwenye dawa na karatasi za picha hii moja.

Saa sita unusu anaitoa namba arobaini na mbili kwenye maji, anaikausha kwa pasi kati ya vitambaa viwili, anaifunga kwenye kitambaa cha pamba na kuibana kifuani chini ya koti. Mwandishi hakuomba kuitazama tena. Laiti angeomba.

Njiani kuelekea Taebaek Mzee Gil anaeleza tumaini lake. Muuguzi mmoja alimwambia kwamba wagonjwa kama Mal-sun huisahau sura yao ya leo, lakini wakionyeshwa ya ujanani baadhi yao hujitambua.

"Atajijua," anasema. Basi linakata kona mbili. "Akijijua yeye, labda na mimi atanijua, hata kwa dakika moja."

Wodi ina vitanda sita. Cha Mal-sun kiko dirishani. Ana mrija puani, na mikono iliyokuwa ikichambua makaa imebaki mifupa na ngozi.

"Mama Gi-yeol, nimekuletea kitu."

Anamtazama kama mtu anavyomtazama fundi aliyekuja kurekebisha bomba. "Weka hapo."

Mzee Gil haweki. Anaifungua na kumtia picha mikononi. Mikono ile, ambayo asubuhi ilikuwa imeshindwa kushika kikombe, inaishika kwa kingo ili vidole visiguse uso wa karatasi. Anaielekeza dirishani. Anaiinamisha kushoto, anaiinamisha kulia. Muuguzi aliyekuwa akibadilisha shuka anasimama.

"Marehemu ni wa hapa hapa?" Mal-sun anauliza.

"Wa hapa hapa. Cheolam."

"Ameacha watoto?"

"Mmoja. Wa kiume."

"Maskini." Anaisogeza picha karibu. "Alikuwa mkali huyu mama. Mdomo tu unakwambia."

"Alikuwa mkali, ndiyo."

"Sasa jicho lake la kushoto umelipeleka wapi? Watu watasujudu wakidhani anawakonyeza."

Mwandishi anasogea kutazama. Ni kweli. Jicho lililokuwa wazi asubuhi ndani ya dawa halipo. Chini ya nyusi kuna shimo jeusi. Mzee Gil naye anainama, uso wake sentimita chache kutoka kwenye karatasi, na ni dhahiri kwamba haoni kinachozungumzwa.

"Uliiangalia ikiwa mbichi," anasema Mal-sun.

"Ndiyo."

"Upande huo punguza sekunde nne. Shavu usiliguse, shavu umelipata." Anatulia kuvuta pumzi, na pumzi inachukua muda kuja. "We mpiga picha, huna mke wa kukuangalizia kazi?"

"Ninaye."

"Basi uwe unamwonyesha yeye kwanza, kabla hujawapa wenyewe."

"Nitamwonyesha."

Anamrudishia picha. Mzee Gil anaipokea kwa mikono miwili, na hapo anauliza swali ambalo baadaye alisema ni bora asingeliuliza.

"Huyo kwenye picha humjui?"

"Nitamjuaje," anasema Mal-sun, akigeukia dirisha, "mtu hana jicho?"

Hakuzungumza tena. Mzee Gil alikaa kando ya kitanda saa nzima. Alimwita Mama Gi-yeol, kisha akamwita kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu tangu waoane. Mgonjwa aliangalia theluji ya nje mpaka usingizi ukamchukua. Walipokuwa wanatoka, muuguzi alimfuata mpaka kwenye lifti akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hewa aliyoongezewa mgonjwa jana haijamsaidia, na kwamba kama kuna ndugu wa mbali wasichelewe.

Kituoni Mzee Gil analia waziwazi, bila kujificha na bila kujifuta. Anasema jambo moja linamla. Hajui kama mkewe ameshindwa kujitambua kwa sababu ya maradhi au kwa sababu yeye ameizamisha picha. Daktari angemwambia ni maradhi, na mwandishi naye anamwambia hivyo. Anatikisa kichwa.

"Kama ni maradhi, sina la kufanya," anasema. "Ila kama ni jicho, basi nilikuwa na nafasi leo, na nimeipoteza mwenyewe kwa haraka. Kama siku ile."

Kisha anaanza kupanga. Kesho saa tatu atafunga pazia. Upande wa kushoto atapunguza sekunde nne, kama alivyoambiwa, na shavu hataligusa. Safari hii hataipiga pasi. Ataiacha ikauke yenyewe mpaka kesho kutwa, amwite Tak Bun-i aitazame kwenye mwanga wa mlangoni, na Alhamisi ampelekee mkewe. Anataka akute jicho. Baada ya hapo, akisema hamjui, atakubali kwamba hamjui.

Basi linatokea kwenye kona, taa zake zikiwaka mchana. Mwandishi anamuuliza itakuwaje ikiwa hiyo Alhamisi hatamkuta.

Mzee Gil anaibana picha chini ya koti kwa mkono mmoja, mwingine unatafuta chuma cha mlango.

"Itawekwa mezani picha yoyote itakayokuwapo," anasema. "Watu watasujudu, watakula, watakwenda zao. Na hapatakuwa na mtu wa kuniambia kwamba imeharibika."